Nahama Mkoa, Bei Maelewano

"Nauza vitu vya ndani vyote, nahama mkoa. Friji, kitanda tano kwa sita, TV inchi 32, sabufa, jiko la gesi pleti mbili na mtungi wake. Vyote vipo fresh. Bei maelewano. Nipo Nyankumbu. Muhitaji tu."

Tangazo la hivi linapita kwenye magrupu ya WhatsApp ya Geita, Katoro, Kahama na Shinyanga mjini kila uchao, na kitaa kinalisoma kwa jicho la pili. "Nahama mkoa" inaweza kuwa kweli tupu: ticha kapata uhamisho, au mwana alikuwa na mkandarasi pale mgodini, mkataba umeisha, hauongezwi. Inaweza pia kuwa mkeka umechanika, au kausha damu wanagonga mlango saa kumi na mbili asubuhi, au manzi kasepa na yule aliyebaki hataki kuliona kabati walilonunua wote. Hizo zipo kila mji. Huku kwetu kuna sababu nyingine ambayo mtu wa Sinza, Dar, haimhusu kabisa: kuna mahali udongo umeitika, na mwana anatafuta mtaji kabla Hiace ya alfajiri haijaondoka.

Ndiyo maana nasemaga, bei ya friji la mtumba Geita haipangwi na friji. Inapangwa na dhahabu.

Cheki mchezo unavyokwenda. Habari inatua jioni kwamba rashi, mbio za dhahabu mpya, imelipuka, labda Mbogwe, labda Nyang'hwale, labda huko Mwakitolyo upande wa Shinyanga Vijijini. Hakuna aliyethibitisha, ila jamaa wa jirani kashapakia turubai. Kuingia kwenye duara, shimo la wachimbaji, kunataka mkwanja: nauli, msosi, mafuta ya jenereta, mchango wa hisa ili mkigawana viroba na wewe jina lako lisomwe. Benki haimkopeshi mtu ambaye anwani yake ni turubai. Kitu pekee chenye hela ndani ya geto ni TV na sabufa. Usiku huohuo stetasi zinajaa inchi 32. TV ambayo wiki iliyopita mtu alikuwa anakaza kwenye laki mbili na nusu inaachiwa kwa laki na ishirini, na muuzaji ndiye anayekupigia simu.

Baada ya hapo inategemea na udongo. Duara likigoma, mwana anarudi mdogo mdogo, choka mbaya, anaanza kuulizia godoro la bei chee. Duara likitema, mawe yakapita karasha na mwalo ukakubali, anarudi mtu mwingine kabisa. Huyo hataki kusikia inchi 32. Anataka 55, kochi la L, friji la milango miwili hata kama chumba chenyewe hakina pa kuliweka. Halipi kwa kulia lia, analipa kwa msimbazi zilizofungwa raba. Yule mjanja aliyebaki mjini na kununua TV sita usiku wa rashi, huu ndio muda wake wa kuzishusha moja moja.

Na mwaka 2025 mchezo ulichachuka. Oktoba wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 4,000 kwenye soko la dunia, kwa mara ya kwanza tangu watu waanze kuipima. Bei hiyo inafika mpaka huku bila kona kona, maana tangu Machi 2019 Geita ina soko lake la madini na mchimbaji mdogo anaingia pale akijua gramu yake inasimama wapi siku hiyo. Friji halina soko la hivyo. Hakuna ubao ulioandika leo friji la mlango mmoja ni kiasi gani. Una macho yako, una fundi, na una roho ngumu ya kukaza.

Halafu kuna watu wapya. Sensa ya 2012, mwaka ambao mkoa wa Geita ulizaliwa rasmi, ilihesabu kama milioni 1.7. Ya 2022 ikakuta karibu milioni 3. Wengi wao wamezaliwa hapahapa, sawa, ila simama stendi ya Katoro siku yoyote uone wanaoshuka. Mtu anashuka na begi moja na simu. Sijawahi kuona mtu anashuka na kitanda. Huyo ndani ya wiki atahitaji godoro, ndoo, jiko na feni, na dukani kitanda kipya cha mninga kitamtoa machozi.

Migodi mikubwa nayo inachangia, ila kwa staili yake. Rashi inamwaga vitu usiku mmoja. Mgodi mkubwa unamwaga kwa msimu. Machi 2017 serikali ilipopiga stop makinikia kwenda nje, Septemba mwaka huohuo kampuni ya Acacia wakatangaza kupunguza kazi kwenye mgodi wao wa Bulyanhulu. Mgodi wa Buzwagi, palepale pua na mdomo na Kahama mjini, ulianza uzalishaji 2009 na ukafika mwisho 2021. Wafanyakazi wa migodi hiyo wakiondoka hawaondoki na makochi. Vitu vyao ni vya kishua, vimetunzwa, risiti ipo, hata boksi la maikrowevu bado lipo juu ya kabati. Wakongwe wa Kahama wanaojua kununua huwa hawakimbilii tangazo la kwanza la mtu wa mgodini. Wanasubiri wiki ya mwisho ya mwezi, kodi ikikaribia kuisha. Wenye nyumba wa mji huo wanajua tarehe kuliko kalenda.

Shinyanga mjini wenyewe wametulia. Kule vitu vinatoka kwa watumishi wakihamishwa, na kwa wanafunzi wa chuo cha ushirika Kizumbi muhula ukiisha: pasi, jagi la umeme, feni, zulia la manyoya ambalo limekula uji. Hela kubwa ya vijijini inaingia msimu wa pamba ukifunguliwa, kuanzia Mei, na hapo mtu wa Kishapu anaweza kuja mjini kuchukua TV mbili, moja yake na moja ya bi mkubwa.

Tangazo lenyewe linakaa wapi? Zamani ilikuwa mnada. Siku ya mnada unabeba redio na baiskeli, unapanga chini pembeni ya ng'ombe, jioni unarudi na hela au na redio yako. Ikaja intaneti na mitandao ya matangazo: Zoom Tanzania tangu 2009, Kupatana, OLX. Mwaka 2019 Jiji wakainunua biashara ya OLX ya nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwemo. Mitandao ya namna hiyo ipo na inafanya kazi, sikatai, ila chuja mkoa uweke Geita halafu uone. Dar inamwagika, sisi tunabaki na viwanja, magari na friji moja ambalo mwenyewe hapokei simu.

Kwa hiyo kitaa kikahamia Facebook, kisha kikazama WhatsApp. Grupu lina admini, na admini ni mtu mzito kama mwenyekiti wa mtaa. Mengine unalipia buku mbili tangazo lipite. Kuna masharti: picha iwe yako, usikwapue za mtandaoni, weka bei, usitume saa sita usiku, usituchanganyie na dawa za nguvu za kiume. Hilo la mwisho limemshinda kila admini ninayemjua.

Na wapo mawinga. Winga hauzi, hanunui. Anachukua picha ya friji lako la laki mbili na themanini Nyankumbu, anaitupa grupu la Katoro kwa laki tatu na ishirini, cha juu ni chake. Wengi wanawatukana. Mimi nawatetea. Mteja wa Katoro asingeliona friji lako kamwe, na winga kachoma bando lake, kapiga simu kumi, kaenda kukagua kwa miguu. Mbaya ni yule anayepandisha bei bila kulijua friji lenyewe, halafu likizingua anaingia mitini. Winga mzuri utamjua kwa swali moja: muulize plagi ya friji ikoje. Kama hajui, hajafika hata mlangoni kwa mwenye mali.

Sasa maongezi. Haya yako kila simu ya muuzaji:

"Bado ipo?"

"Ipo."

"Mwisho ngapi?"

"Laki mbili na themanini, maongezi yapo kidogo."

"Nina laki na hamsini, pesa mkononi, nakuja sasa hivi."

"Bosi, hiyo ni bei ya mlango."

"Sawa. Ina shida yoyote?"

Hapa ndipo tangazo linapokufa au linapopona. Muuzaji wa kiboya anajibu "haina tatizo lolote", na mteja kimya kimya anahesabu matatizo ishirini. Dada mmoja wa Ngokolo, Shinyanga, aliandika kwenye tangazo lake tangu mwanzo: mpira wa mlango umelegea upande wa chini, droo ya mboga ina ufa, kugandisha linagandisha vizuri, njoo na fundi wako. Akaweka na picha ya ufa. Watu walidhani kachanganyikiwa. Friji lilitoka siku hiyohiyo kabla ya magharibi, na alipunguza elfu kumi tu. Mteja akishaijua kasoro kutoka mdomoni mwako, anabakiwa na silaha moja tu, kuomba apunguziwe. Akiigundua mwenyewe, hapo umeisha: hata vilivyo vizima ataviona vibovu.

Fundi wa kweli akija haangalii uso wa friji. Anazunguka nyuma. Anagusa kompresa kama ina joto la kawaida au inaunguza, anasikiliza kama inanguruma mfululizo bila kupumzika, anapapasa mabomba kutafuta mafuta mafuta, maana penye mafuta ndipo gesi inapovujia. Halafu anafanya kitu ambacho mtoto wa mjini anakiona kama kiini macho: anatoa noti ya msimbazi, anaibana kwenye mlango, anafunga, anaivuta. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka na umeme wako utaisha kabla ya mwezi. Ikikaza, anahamia kona ya pili, ya tatu, ya nne. Muuzaji mwenye wasiwasi utamuona anaanza kupiga stori za mpira wakati huo.

Friji ulilikuta limewashwa tangu asubuhi? Omba lizimwe, kompresa ipoe, liwashwe tena mbele yako. Lililowashwa tangu jana linaweza kukudanganya, lakini kuanza upya halijui kudanganya. Na ukishalibeba, lisafiri limesimama. Likilazwa kwenye toyo, mafuta ya kompresa yanahama, kwa hiyo ukifika geto usikimbilie plagi ili upate maji ya baridi; liache limesimama mpaka kesho yake. Friji nyingi "mbovu" za mtumba ziliuawa na mnunuzi mwenyewe usiku wa kwanza.

TV, omba iwekwe picha nyeupe tupu. Mistari, madoa na vivuli vya pembeni vinajianika vyenyewe. Vitu vya jikoni kutoka Marekani au Japani, soma kibandiko cha nyuma: vingine vimetengenezwa kwa umeme wa volti 100 mpaka 120, na wa kwetu ni 230. Ukichomeka bila transfoma utasikia "pah", na ndiyo imetoka hiyo. TV ya chogo, kama bado mtu anakuuzia, mshukuru kwa kumbukumbu na uende zako.

Kitanda kinataka tochi. Mulika kwenye maungio, kwenye matundu ya misumari, nyuma ya kichwa cha kitanda. Kunguni hawaandikwi kwenye tangazo. Na godoro la mtumba, hapana. Najua hela ngumu, najua vyuma vimekaza, ila godoro nunua jipya hata la inchi nne, utaongeza siku duara likitema. Mtungi wa gesi uko tofauti: ukitangazwa asubuhi mchana haupo, kwa sababu mtupu unabadilishwa na uliojaa. Kagua kutu ya chini na koki tu.

Usafiri unaweza kuila faida yote. Ndani ya mji, kirikuu au toyo. Mkoa kwa mkoa, unaongea na konda wa basi, na konda ana bei mbili, ya mwenye haraka na ya mwenye akili. Wanaovuta mzigo kutoka Mwanza kuja Geita wamepata nafuu tangu Juni 19, 2025, lilipozinduliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa. Kabla ya hapo friji lako lilikuwa linapanga foleni ya kivuko na jua lote lile, na wewe unalipia masaa ya dereva.

Tuje kwenye noma yenyewe: vitu vya wizi. Huku ni nyumbani kwa sungusungu. Walianzia ukanda huu wa Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwenye vijiji vingi bado hawana utani. Ukikutwa saa nne usiku na TV kwenye bodaboda, huna risiti wala karatasi, maelezo yako yatasikilizwa ukiwa umeketi chini. Polisi nao wana Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, kinachomhusu anayepokea mali ya wizi huku akijua au akiwa na sababu ya kujua. Na sababu ya kujua ndiyo inayowanasa masela: TV inchi 55 kwa elfu themanini, usiku, anayeuza hajui rimoti inatumia betri gani. Utamwambia nini hakimu?

Kwa hiyo fanya kikubwa. Nunua mchana, nyumbani kwa muuzaji, uone pale friji lilipokuwa limekaa. Sakafu inaacha alama. Andikishianeni: majina, namba ya NIDA, namba ya mashine iliyo kwenye kibandiko, kiasi, sahihi za mashahidi wawili. Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa akigonga muhuri, usione soo kumpa ya soda. Karatasi hiyo itakulinda barabarani kuliko mdomo wako.

Matapeli wa simu nao wanalijua soko. "Nipo Kahama kikazi, tuma nusu nikushikie" ni wimbo wa zamani, na bado watu wanaucheza. Kitu hujakigusa, hela isitoke. Upande wa muuzaji ujanja ni mwingine: mteja anakuonyesha meseji ya muamala, jina lako lipo, kiasi kipo, lakini katunga mwenyewe. Usisome meseji, cheki salio lako kwa mkono wako, tena kabla kirikuu haijawasha injini. Namba ya tapeli inaripotiwa TCRA kupitia 15040. Na ukiwa umekaa, piga *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Usije ukawa wewe ndiye unauza mafriji hewa bila kujijua.

Madada wana kero ya ziada ambayo wana tunaijua na tunakausha. Anatangaza kabati, meseji tano kati ya kumi zinamuuliza yeye anakaa na nani. Mwingine anaomba picha, anatumiwa ya kabati, anasema "sijamaanisha hiyo". Matokeo yake wengi wanauza kupitia shemeji au winga, wanapoteza elfu thelathini kwa ajili ya amani. Yapo magrupu ya wanawake watupu, Kahama na Geita mjini, na ukweli usemwe: vitu vya mle ni visafi, bei imeandikwa, mtu akisema saa nne anafika saa nne. Wajinga tumejifungia nje wenyewe.

Ukiwa muuzaji, cheza na muda. Usiku wa rashi usiuze TV, kila mtu anauza. Kaa nayo wiki tatu kama tumbo linaruhusu. Ukiwa mnunuzi, huo usiku ndio wako, ila uwe na karatasi na kalamu, maana mwenye haraka huwa hana risiti. Kwenye tangazo weka bei, taja kasoro, piga picha mchana dirisha likiwa wazi, futa vumbi kwanza (mafuta ya maandazi kwenye jiko yanashusha elfu ishirini peke yake), na acha namba inayopokelewa.

Na kitu kikishatoka, rudi kwenye grupu uandike KIMEUZWA. Watu wanachoma bando kukuuliza kama bado kipo.